Meza ya treni ndogo huku Mtwara: ununue ubao gani, na upi uuache dukani

Kama tayari unayo seti ya treni, iwe umeletewa na ndugu aliyeko Uingereza au umeipata mkononi mwa mtu, usiitandike sakafuni. Nywele na vumbi vya sakafu vinaingia kwenye gia za kichwa cha treni na kujiviringa mle ndani, afu unaanza kusema mashine mbovu kumbe haina tatizo lolote. Jenga meza kwanza. Na hapo kwenye meza ndo watu wengi wanabana hela, wanamaliza bajeti kwenye mabehewa halafu reli wanailaza juu ya ubao wowote uliobaki nyuma ya nyumba.

Shida ni kwamba maelekezo mengi ya kutengeneza hizi meza yameandikwa na watu wa Ulaya, wao tatizo lao ni baridi na nafasi ndogo ya chumba. Sisi huku Mtwara na Lindi matatizo yetu ni matatu, unyevu, chumvi ya bahari na mchwa. Ubao unaosifiwa kule unaweza ukafika hapa ukavimba msimu mmoja tu wa mvua. Kwa hiyo nitaenda hatua kwa hatua ila kwa macho ya mtu anayeishi Shangani au Mikindani au Lindi mjini, sio ya mtu mwenye hita chumbani.

Hatua ya 1: ujue kwanza unajenga ukubwa gani

Usiende dukani kabla hujajua skeli yako, yaani treni yako ni ndogo mara ngapi kuliko ya kweli. Treni za OO ni 1:76, HO ni 1:87, na zote mbili zinatembea kwenye reli ya upana wa milimita 16.5. Za N ni ndogo, reli yake milimita 9, kwa Uingereza ni 1:148 na kwingineko ni 1:160. Kona ndo inayoamua upana wa meza. Kona ya pili ya OO, yaani ya pili kwa kubana kati ya zile za kiwandani, ambayo ndo naishauri, ina nusu kipenyo cha milimita 438, yaani duara zima na nafasi kidogo pembeni linakula karibu mita moja, hapo panga upana wa futi 4. N inageuka ndani ya futi 2 bila wasiwasi.

Sasa kama unataka kuijenga ile reli yetu ya zamani ya karanga, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga, ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, ile iliyofungwa 1962 ikang'olewa, kumbuka ilikuwa ya upana wa mita moja. Ukigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, watu wanatumia reli ya milimita 12. Ni kazi ya ziada kwa sababu vitu vyake ni vichache kuliko vya 16.5, ila meza yake inapendeza, ndefu na nyembamba, njia moja inapita vichakani, haina mambo ya njia nane nane kama stesheni za wenzetu.

Kitu kingine, usizidishe upana wa mkono wako. Ile ya futi 4 iwe mahali unapoifikia pande zote mbili, lakini meza ikiegemea ukuta isizidi futi 2 na nusu, la sivyo behewa likianguka kule nyuma utaliokoa kwa fimbo.

Hatua ya 2: ubao wa juu

Hapa ndo penye mambo yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chaguo langu la kwanza ni plaiwudi ya milimita 9, na kama hupati nzuri basi 12. Sio 18. Watu wanadhani unene ndo uimara, lakini uimara unatoka kwenye fremu chini, ubao mnene unakuongezea uzito tu. Shiti nzima ya futi 8 kwa 4 ya milimita 9 ni kama kilo 15 hivi, unaibeba na mdogo wako. Na sababu ya plaiwudi kuwa mbele ya mbao za kawaida ni kwamba matabaka yake yamepishanishwa, moja limelala huku lingine kule, na mbao siku zote inavimba zaidi upande wa mapana kuliko upande wa urefu, hivyo matabaka yanazuiana na shiti inabaki mahali pake. Mbao nzima haina wa kuizuia, itapinda itakavyo.

Ila plaiwudi nazo zinatofautiana sana. Ukifika dukani usiangalie uso wake, uso wote ni mzuri. Iinue shiti uangalie ubavu wake kwa mwanga wa nje, hesabu matabaka, yakiwa matano mpaka saba kwenye milimita 9 hiyo ni mali, yakiwa matatu mazito iache. Tafuta matundu kati ya tabaka na tabaka. Afu igonge kwa kidole kuanzia kona moja mpaka nyingine, taratibu, ukisikia sauti imebadilika ghafla ikawa ya uwazi, ndani pale hamna kitu, siku utakayopiga pini ya reli itazama bila kushika. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache aangalie. Mwisho ilaze chini uone kama kona zote nne zinagusa sakafu. Shiti nyingi madukani zimesimamishwa ukutani miezi na miezi mpaka zimepata tumbo, wewe omba ya katikati ya zile zilizolazwa.

Marinibodi, yale ya kahawia yanayong'aa ya kumwagia zege, watu wanaulizia sana kwa sababu ya jina. Gundi yake kweli inahimili maji kuliko plaiwudi ya kawaida, hilo sibishi. Lakini nyingi ni milimita 18, nzito, na ule utando wa juu haushiki gundi wala rangi mpaka uukwangue kwa msasa mkali, kazi ya jasho. Na yale yaliyokwishatumika saiti yanauzwa rahisi ila yamepinda na yana saruji, msumeno wako utalia. Kama unajenga meza itakayokaa barazani ambako manyunyu yanafika, chukua jipya. Kwa chumbani halina haja.

MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, ni laini, nyoofu, inakatika vizuri, na mafundi wa makabati wanaipenda. Mimi siipendi kwa meza ya treni pwani. Shiti ya milimita 18 inakaribia kilo 40, ubavu wake ukinywa maji unavimba na haurudi tena, na skrubu ukiipiga ubavuni inapasua. Vumbi lake pia sio la kuchezea, lina gundi ya kemikali, ukiikata vaa barakoa na ukatie nje. Ukiwa nayo tayari na hutaki kununua kitu kingine, itumie, ila paka rangi kila upande. Chipubodi hata nisiijadili, ile ya makabati yaliyovunjika, ikilowa inakuwa uji.

Kuna zile silingibodi laini za zamani, za nyuzinyuzi. Waingereza wana ya kwao ya aina hiyo inaitwa Sundeala, inatengenezwa kwa karatasi zilizorejelezwa, wanaipenda kwa sababu pini ya reli inaingia kwa kidole gumba tu. Uzuri huo ni wa kweli. Ila hata wao wenyewe wanalalamika kwamba bila kushikiliwa chini kila baada ya sentimita 30 inalegea, na hiyo ni kwao. Kwa hali ya hewa yetu ya Februari usiiweke peke yake, ukiitaka ibandike juu ya plaiwudi.

Staifomu. Ile nyeupe ya kwenye maboksi ya friji na tivii ipo bure, na kwa vilima na mabonde ni nzuri mno, nyepesi, unachonga kwa kisu. Lakini usiifanye meza, inabonyea na inamwaga vipunje kila ukiigusa. Na jambo la kuandika kwa herufi kubwa: THINA, PETROLI NA GUNDI YA VIATU VINAIYEYUSHA. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ipe siku kadhaa ikauke maana hewa haipiti kirahisi katikati, na rangi iwe ya maji. Usiikate kwa waya wa moto chumbani kumefungwa, moshi wake mbaya.

Halafu kuna njia ya mkato ambayo kwa N naipenda kabisa, mlango wa flashi. Ule wa ndani, mtupu katikati. Ni mwepesi, umenyooka tayari, na una urefu wa kutosha kuweka stesheni na njia ya mzunguko. Ukipata wenye kasoro ndogo ya uso fundi anakuuzia kwa bei ya chini. Angalia tu usiwe na tundu la kitasa mahali utakapopitisha reli, na mchwa wanaupenda kuliko wewe.

Hatua ya 3: fremu ya chini

Hapa mzee wa zamani atakwambia nunua mninga. Mninga ni mbao ya heshima, mkongo pia, lakini meza ya treni sio kitanda cha harusi. Ni nzito, ni ghali, na hela hiyo ingekununulia plaiwudi mbili. Mwembe ni rahisi ila wadudu wanaubungua haraka, utaona unga unga chini ya meza kila asubuhi. Mnazi ni mgumu na unakula meno ya msumeno. Ukiamua mbao, chukua paini ya 2 kwa 1 au 2 kwa 2 iliyokaushwa, ichague moja moja: shika ncha, funga jicho moja, itazame kwa urefu wake kama unalenga bunduki, ikiwa na mpindo rudisha. Chukua mbili za ukubwa sawa uzipime mkononi, iliyo nzito kuliko mwenzake bado ina maji, ukiifunga leo itakauka ikiwa imeshikana na meza yako na itaivuta.

Zile za kijani zilizotiwa dawa ni nzuri dhidi ya mchwa, ila osha mikono, na vipande vinavyobaki usimpe mtu akapikie, ile dawa huwa na madini ya sumu na moshi wake ni hatari. Na oili chafu, tafadhali, usipake. Najua ndo dawa ya mchwa ya kila mtu, kwa nguzo za banda sawa, lakini kwa meza ya ndani gundi haitashika, rangi haitashika, na chumba kitanuka gereji.

Kitu bora kuliko mbao ya fremu ni plaiwudi ileile. Unaichana vipande vya upana wa nchi 4, unavisimamisha ubavu, unavifunga kwa gundi na skrubu na vipande vidogo vya mbao kwenye kona. Haipindi maana ni plaiwudi, nyepesi, na matundu ya waya unatoboa kirahisi. Weka mihimili ya katikati kila baada ya sentimita 30 mpaka 40.

Ama nenda kwa fundi wa mageti. Hili sijui kwa nini watu hawalifikirii, kila mtaa una mtu wa kuchomelea, na fremu ya skwea paipu ya nchi moja haiguswi na mchwa wala haivimbi. Kwa mtu mwenye nyumba yenye historia ya mchwa mimi namshauri hivi moja kwa moja. Ila mwambie fundi mambo mawili. La kwanza, ashike kona zote kwa vidoa vidogo vya kuchomelea kwanza, apime, ndo achomelee kamili, kwa sababu moto unavuta chuma na fremu inatoka imepinda. La pili, asafishe ule uchafu wa kuchomelea na kupaka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kabla ya rangi yenyewe, hewa ya bahari hapa haina mchezo, ukiacha sehemu moja wazi kutu inaanzia hapo. Ubaya wa chuma ni kwamba kila tundu la waya ni drili na jasho, kwa hiyo yapange kabla, na yawekee mpira au kipande cha bomba la plastiki ili ukingo usikate waya. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu nao wana mabaki ya profaili, hayachomelewi mtaani ila kwa riveti na kona yanatoa fremu nyepesi sana.

Hatua ya 4: kukata na kubeba

Shiti ya 8 kwa 4 haiingii kwenye bajaji, na ukiifunga juu ya guta siku ya upepo wa kusi inageuka tanga. Peleka kwenye mashine ya kupasulia mbao pale pale karibu na duka, wakate shiti vipande vinne vya futi 4 kwa 2. Mashine inakata mstari ulionyooka kuliko mkono wako, na meza za vipande utaweza kuzipitisha mlangoni siku ukihama. Msumeno unakula milimita kama 3 kila ukipita, kwa hiyo usiwaambie wakate 1220 kwa 610, waambie wagawe shiti nusu kwa nusu, na fremu utaipima kwa kipande ulichopata, sio kwa namba ya kwenye karatasi.

Ukifunga fremu pima kona kwa kona. Mishazari miwili ikilingana, kwa kipande hicho ni kama mita 1.36 kila mmoja, fremu iko sawa. Ikitofautiana isukume kabla gundi haijashika. Kipimo cha kona kinaweza kukudanganya, futi kamba haidanganyi.

Hatua ya 5: kuziba, na hii usiiruke

Ukiiruka hii hatua, pesa yote ya juu umeitupa. Plaiwudi inakunywa unyevu zaidi ubavuni, kule ambako matabaka yanaonekana. Piga msasa, paka vanishi ya mafuta au rangi ya mafuta ubavuni mara ya kwanza, itazame, utaona imenywewa yote na mbao inabaki kavu kama hujapaka. Paka tena. Mara ya tatu itaanza kung'aa, hapo imeshiba. Juu mara mbili, chini mara mbili. Watu wanapaka juu tu kwa sababu ndo kunaonekana, halafu unyevu unaingia kwa chini, upande mmoja unavimba mwingine umezibwa, na shiti inajikunja. Pande zote sawa au usipake kabisa. Matundu ya waya pia, chovya brashi ndani.

Skrubu zisiwe zile nyeusi za gypsum, kwa chumvi yetu zinaota kutu na kichwa kinakatika ukizifungua. Tafuta za mabati au za shaba njano, hata kama ni ghali kidogo.

Kazi hii ifanye kiangazi, Juni mpaka Oktoba, ubao ukiwa umekauka. Ukijenga Januari na mvua unaufungia unyevu ndani, rangi inatoa malengelenge. Na ukisubiri msimu wa korosho hela ikishaingia mitaani, fundi mwenyewe utampata kwa shida, kila mtu anaezeka.

Hatua ya 6: kati ya ubao na reli

Plaiwudi tupu inapiga kelele kama ngoma treni ikipita. Koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, ya milimita 3 ndo ya kawaida duniani, huku kwetu ni ngumu kuipata, ila mkeka mwembamba wa mazoezi au ile sponji ngumu anayokatia fundi viatu inafanya kazi ileile. Kata vipande vya upana wa mataruma na kidogo pembeni, bandika kwa gundi nyeupe. Usipigilie pini za reli mpaka zigonge plaiwudi kwa nguvu, sauti inarudi kupitia pini na umejisumbua bure.

Kwenye viungo vya reli acha mwanya mwembamba, nusu milimita kwa kila mita inatosha, hasa kama chumba kina bati juu bila dari. Ukilaza reli alfajiri kukiwa na ubaridi na kuzibana kabisa, saa nane mchana zinatafuta pa kwenda na zinainuka.

Hatua ya 7: kuunganisha na miguu

Vipande viwili viungane kwa boliti na nati ya mabawa, wosha kubwa pande zote, boliti mbili kila kiungo, na pini mbili za chuma za kuviweka sawa kila ukivirudisha. Toboa vipande vyote viwili vikiwa vimebanwa kwa klampu pamoja, usitoboe kimoja kimoja kwa kukadiria.

Miguu iwe ya chuma kama unaweza, na iwe na kitu cha kurekebisha urefu maana sakafu zetu nyingi zimelala upande. Boliti iliyopigwa chini ya mguu inatosha, unaizungusha mpaka pima maji itulie. Kama ni miguu ya mbao isiguse sakafu wala ukuta, weka kofia ya plastiki chini na acha upenyo wa vidole viwili nyuma, ili njia ya udongo ya mchwa ikianza kupanda uione na uibomoe kabla hawajafika kwenye ubao.

Ukimaliza acha meza wiki mbili chumbani humohumo itakapokaa, bila reli. Rudi na rula ndefu, ilaze juu sehemu mbalimbali, utazame kama kuna mwanga unapita chini yake. Pakiwa na tumbo, ongeza mhimili pale, halafu ndo ufungue boksi la reli.